Olav, Ólafur, Amlaíb, Uolevi: namna ya kufuatilia asili na maana ya jina la Kinordiki

Ukitafuta maana ya jina Olaf utapewa jibu la mstari mmoja: "mzao wa mababu". Jibu hilo ni sahihi, ila halikuonyeshi lilivyopatikana, wala halitakusaidia utakapokutana na Ole, Oluf, Uolevi au Macaulay, ambayo ni jina lile lile lililopita katika vinywa vingine. Mwongozo huu ni wa kazi yenyewe ya kulifuata jina mpaka kwenye mzizi wake, kisha kulishusha tena lugha kwa lugha. Mfano wetu ni Olav kwa sababu limefika mbali, na karibu kila kosa linalowapata wafuatiliaji wa majina ya Kinordiki (ya Norwei, Uswidi, Denmaki, Aislandi na majirani zao) limo ndani yake.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Maana ya jina haikai kwenye umbo la leo, inakaa kwenye umbo la kale kabisa. Na njia ya kufika huko ni mabadiliko ya sauti. Kufanana kwa macho hakutoshi.

Unachohitaji

Andaa jedwali la safu sita: umbo la jina, lugha, mwaka wa tukio, mwaka wa hati, mahali ulipoliona, na sauti iliyobadilika. Watu hushangaa kwa nini miaka iwe miwili. Sababu ni kwamba hadithi nyingi za Waaislandi ziliandikwa karne ya 13 kuhusu watu wa karne ya 9 na ya 10, na kumbukumbu za matukio za Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi, zinazotaja mambo ya karne ya 9, zimetufikia katika nakala ya mwishoni mwa karne ya 15. Ukiandika mwaka mmoja tu utadhani tahajia fulani ni ya zamani kuliko ilivyo, na hoja yako yote itasimama kwenye mchanga.

Tafuta kamusi ya majina inayoonyesha maumbo ya zamani na tarehe zake. Orodha za majina ya watoto hazifai kwa kazi hii. Kwa mawe ya runi, yaani mawe yaliyochongwa herufi za kale za watu wa kaskazini, Chuo Kikuu cha Uppsala kina hifadhidata ya maandishi ya runi ya nchi zote za Nordiki. Kwa Norwei, Digitalarkivet ya hifadhi ya taifa ina vitabu vya makanisa na sensa, zikiwemo za 1801, 1865, 1875, 1900 na 1910.

Jifunze herufi chache. Þ husomwa kama th ya "thamani", na ð kama dh ya "dhahabu". Ø na ö ni sauti moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Å zamani iliandikwa aa: Norwei iliingiza å rasmi mwaka 1917, Denmaki mwaka 1948, ndiyo maana Haakon na Håkon ni jina moja. Ukitafuta umbo moja tu, nusu ya hati itakupita.

Alama nyingine inayopoteza watu ni nyota. Mbele ya neno kwenye kamusi, kama *AnulaibaR, nyota inasema umbo hilo limeundwa upya na wanaisimu na halijawahi kuonekana limeandikwa popote. Katika visanduku vya kutafutia vya hifadhi nyingi, nyota hiyo hiyo husimama badala ya herufi zozote, hivyo Ol* huleta Ola, Ole, Olaus na Oluf kwa mkupuo.

Je, jina ni la Kinordiki kweli?

Hatua hii wengi huiruka, na ikirukwa kazi yote inaharibika. Jina kuvaliwa na Wanorwei kwa miaka mia nane hakulifanyi kuwa la asili yao. Lars ni Laurentius, Nils ni Nicolaus, Jens ni Johannes, Anders ni Andreas. Karin ni Katarina na Mette ni Margareta. Yote yaliingia pamoja na Ukristo, yakakatwa na kulainishwa mpaka yakasikika kama wenyeji, kama Yakobo na Yakubu yalivyotufikia kwa milango miwili tofauti.

Magnus ndilo linalodanganya zaidi. Linasikika kuwa la Kiviking kabisa, lakini ni neno la Kilatini lenye maana ya "mkubwa". Mfalme Magnus Mwema wa Norwei, aliyefariki mwaka 1047, alipewa jina hilo kwa kumkumbuka Carolus Magnus, yaani Karolo Mkuu. Baba yake alikuwa Olav, yule aliyekuja kuitwa mtakatifu. Valdemar nalo lilitoka mashariki: mfalme Valdemar wa Kwanza wa Denmaki, aliyezaliwa mwaka 1131, alirithi jina la baba wa babu yake upande wa mama, Vladimir Monomakh wa Kiev. Barabara hiyo ilipitika pande zote mbili, kwani Olga ni Helga, Oleg ni Helgi, na Igor ni Ingvar.

Kipimo kizuri ni umri. Jina likionekana kwenye mawe ya runi ya zama za kabla ya Ukristo, au miongoni mwa walowezi wa kwanza wa Aislandi (takriban 870 hadi 930), kuna uwezekano mkubwa kuwa ni la Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia. Hata hapo usijiaminishe kupita kiasi. Waliohamia Aislandi walikuja na watu wa Ayalandi, na majina yao yakachanganyika humo. Njáll ni Niall, Kormákr ni Cormac, na Kjartan limekatwa kutoka Muirchertach.

Olav linapita kipimo hiki bila shida.

Kusanya maumbo kabla ya kufasiri

Usiseme neno lolote juu ya maana kabla ya kuwa na maumbo yasiyopungua manane, kutoka lugha zisizopungua nne, na angalau mbili kati ya hizo ziwe nje ya Nordiki. Sharti hili la mwisho ndilo lenye uzito. Lugha iliyoazima jina huligandisha katika hali lililokuwa nalo siku lilipoazimwa, huku wenye jina wakiendelea kulibadilisha. Kwa hiyo mgeni mara nyingi anatunza kitu ambacho mwenyeji alishakitupa.

Kwa Olav, jedwali litaonekana hivi. Norwei: Olav, Olaf, Ola, Ole. Uswidi: Olof, Olov, Olle, Ola. Denmaki: Oluf, Olaf, Ole. Aislandi: Ólafur, na visiwa vya Faroe: Ólavur. Kilatini cha makanisa: Olavus na Olaus. Kifini: Olavi, Uolevi, Olli. Kiestonia: Olev. Kirusi cha kale: Uleb. Kiingereza cha Kale: Anlaf. Kiayalandi cha kale: Amlaíb, ambalo leo huandikwa Amhlaoibh, na Kigaeli cha Uskoti Amhlaidh. Kwa wanawake kuna Ólöf la Aislandi, na huko Norwei Olava, Oline na Olea.

Liangalie jedwali hilo kwa utulivu kabla ya kuendelea. Maumbo mengi yanaanza na o au u. Machache, ya Kiingereza na ya Kigaeli (lugha ya Ayalandi na Uskoti), yanaanza na a ikifuatwa na n au m. Tofauti hiyo usiipite, maana ndiyo ufunguo wa jina zima, nasi tutairudia.

Ondoa viambishi vya sarufi

Kabla ya kukata jina, ondoa kile kisichokuwa sehemu yake. Ile -r ya Óláfr, -ur ya Ólafur na -us ya Olavus ni alama za kisarufi zinazosema kwamba jina ni kiima cha sentensi. Ni kama m- ya "mtu": ukitafuta mzizi unabaki na -tu. Kwa Kiaislandi cha leo bado utaliona jina hili likibadilika: Ólafur anapotenda, Ólaf anapotendwa, Ólafi baada ya baadhi ya vihusishi, na Ólafs kwa umiliki. Ndiyo maana mwanawe ni Ólafsson, na binti yake ni Ólafsdóttir. Ile -ur imetoweka na nafasi yake imeshikwa na -s ya umiliki.

Kosa la kawaida hapa ni kuona "Ólaf" kwenye sentensi ya Kiaislandi na kuliandika kama jina tofauti na Ólafur. Ni mtu yule yule.

Kwa Kifini, -i ya Olavi si alama ya uhusika. Ni irabu ya kuegemea tu, kwa kuwa Kifini hakimalizi neno kwa v. Msomaji wa Kiswahili anaielewa tabia hiyo bila kufundishwa.

Kata jina mahali panapostahili

Majina mengi ya Kinorse yana sehemu mbili. Mengine yana moja tu: Bjørn ni dubu, Ulf ni mbwa mwitu, Stein ni jiwe, Leif tutalifikia. Kwa yale ya sehemu mbili anza kutoka mwisho, kwa sababu sehemu za mwisho ni chache na hujirudia. Kwa wanaume utakutana sana na -stein (jiwe), -bjørn (dubu), -ulf au -olf (mbwa mwitu), -mund (ulinzi), -vard (mlinzi), -leif au -lav (mzao, kilichoachwa), na -ar kama katika Gunnar na Einar, ambayo ni mabaki ya neno la kale la askari au jeshi. Kwa wanawake kuna -hild na -gunn (zote vita), -borg (ngome, ulinzi), -dis (mungu mke) na -rid, kutoka fríðr, "mzuri, mpendwa". Mwanzoni hukaa Tor- (mungu Thor), As- (miungu), Sig- (ushindi), Gunn- (vita), Hall- (mwamba) na kadhalika.

Mahali pa kukata hapaonekani kwa macho. Olav likikatwa Ol-av, Mnorwei wa leo atasikia øl, "bia", na kuna watu wanaoamini hivyo kwa dhati. Kata baada ya o: O-lav. Sehemu ya pili ni ile ile iliyomo katika Torleif, na hiyo ya kwanza imeliwa mpaka imebaki irabu moja.

Astrid ni onyo jingine. Kwa Kinorse ni Ástríðr, na neno ást ni "upendo", basi watu hukata Ást-ríðr na kuandika "uzuri wa upendo". Umbo lililotangulia ni Ásfríðr: áss, mungu, na fríðr, mzuri. F ilidondoka, s ikabaki imegusana na r, na t ikachipuka kati yao ili ulimi upite kwa urahisi. Hiyo t haina maana yoyote, ni daraja la sauti tu. Kwa kosa la herufi moja, mungu anafutwa na upendo unapachikwa.

Panda ngazi ya sauti

Umbo la kale lililoundwa upya ni *AnulaibaR, la lugha iliyosemwa Skandinavia katika karne za mwanzo za zama zetu. R kubwa inawakilisha sauti iliyokuwa kati ya z na r. Sehemu ya kwanza, *anu-, ni "babu, mhenga", na Kijerumani bado kina Ahn kwa maana hiyo. Sehemu ya pili, *laibaR, ni "kilichoachwa, mzao, mrithi". Kinorse cha Kale kina kitenzi leifa, "kuacha", na jina Leif ni neno hilo hilo likisimama peke yake.

Kutoka hapo hadi Óláfr kuna hatua nne, na kila moja ina sababu.

Kwanza, mkazo ulikuwa kwenye silabi ya mwanzo, na irabu zisizo na mkazo zikadondoka, takriban kati ya mwaka 500 na 700. U ya *anu- ikaenda, na a iliyotangulia R ya mwisho ikaenda. B ya katikati ilikuwa tayari inatamkwa kama v. Pili, n ilipobaki imegusana na l ikamezwa. Haikutoweka bila kuacha alama: irabu a iliyoitangulia ikarefuka na kutamkwa puani. Hapo tunapata Áleifr. Tatu, á hiyo ndefu ya puani ikageuka kuwa ó. Nne, sehemu ya pili ya jina ilikuwa na mkazo hafifu, na ai yake ikaenda njia mbili, kwa wengine ei na kwa wengine á. Hivyo Kinorse cha Kale kina Áleifr, Óleifr na Óláfr kwa pamoja, na wote hao ni jina moja.

Sasa rudi kwenye Anlaf na Amlaíb. Mwandishi wa Kiingereza aliyeeleza vita vya Brunanburh vya mwaka 937 alimwita mfalme wa Dublin Anlaf, kwa n. Kumbukumbu za Ulster, chini ya mwaka 853, zinamtaja Amlaíb aliyefika Ayalandi kutoka ng'ambo. Katika tahajia ya Kiayalandi cha kale, m ya namna hii ilitamkwa kama v ya puani, na b ya mwisho kama v, kwa hiyo Amlaíb lilikaribia kusikika "Avliv". Lugha mbili zisizotegemeana, kila moja kwa tahajia yake, zimeshuhudia sauti ya puani ambayo Óláfr halina tena. Huo ndio ushahidi wa n, na bila n hakuna *anu-, na bila *anu- hakuna "mababu". Tunaona hapa ndipo uzuri wa kazi hii ulipo: maana ya jina la Kinorwei imethibitishwa na masikio ya watu wa Dublin na Uingereza.

Kanuni ya kufanyia kazi: usikubali umbo lenye nyota mpaka upate mashahidi wawili wasionakiliana wanaolielekea.

Shuka kila lugha kwa sheria zake

Kinorwei na Kiswidi zilitupa -r ya mwisho. F ya Óláfr ilikuwa ikitamkwa v tangu zamani, na tahajia ya Olav imeifuata sauti hiyo. O ndefu ya Kinorwei na Kiswidi husikika karibu na u yetu, kwa hiyo Ola wa Norwei anaitwa "Ula". Ole wa Denmaki hubaki na o.

Mawe ya runi yana shida yao. Alfabeti ya zama za Viking ilikuwa na herufi 16 tu, baada ya ile ya kale ya herufi 24, na runi ya u ilibeba u, o, y na ø kwa pamoja. Ukiona jina limeanza na u kwenye jiwe usikimbilie kusema lilitamkwa kwa u. K vilevile hubeba g, na t hubeba d.

Kifini kina maumbo mawili kwa sababu kiliazima mara mbili. O ndefu za maneno yaliyoingia zamani ziligeuka uo: neno la Kiswidi stol, "kiti", ni tuoli kwa Kifini. Kwa sheria hiyo hiyo jina hili likawa Uolevi. Olavi liliingia baadaye, sheria ilipokuwa imekwisha kufanya kazi, likabaki na o yake. Ukikuta maumbo mawili ya jina moja katika lugha moja, uliza kwanza kama ni vizazi viwili vya uazimaji kabla ya kudhani ni majina mawili.

Kirusi cha kale kina Uleb, kutoka Óleifr, na nduguye Gleb kutoka Guðleifr. Ile -leb ni -leifr yetu ya zamani, na ukiwaweka Uleb na Gleb pamoja kila mmoja anamthibitisha mwenzake.

Kwa Kigaeli jina limejificha ndani ya majina ya ukoo. Mac ni "mwana wa", na MacAuliffe ni Mac Amhlaoibh: ile ff ni b ya Amlaíb ikitamkwa kwa mtindo wa leo. Macaulay nalo mara nyingi ni hilo hilo, lakini si mara zote. Kuna ukoo wa Macaulay wa Ardincaple, Uskoti, ambao jina lao linarudishwa kwenye Amhalghaidh, jina la Kigaeli lisilohusiana na Olav hata kidogo. Hapa sauti peke yake haitakusaidia. Lazima ujue ukoo ulitoka wapi.

Hata barabara inaweza kuwa shahidi. Kusini mwa Mto Thames, karibu na London Bridge, kuna Tooley Street. Ilikuwa barabara ya kanisa la Saint Olave, na t ya Saint ilinasa kwenye jina lililofuata, mwanzo wa neno la kwanza ukamezwa, ikabaki Tooley. Orodha ya majina ya watoto haiwezi kukupeleka huko.

Maana: sema kiasi ambacho ushahidi unaruhusu

Baada ya kupata sehemu mbili, watu huziunganisha kuwa sentensi. Jizuie. Gunnhild ni "vita" na "vita". Hildigunn ni sehemu zile zile zikiwa zimegeuzwa. Harald ina "jeshi" kisha "mtawala", na Walter la Kijerumani lina "mtawala" kisha "jeshi". Kama majina haya yangekuwa semi, kugeuza maneno kungegeuza maana, na "vita-vita" isingekuwa na mantiki. Wazazi walichagua sehemu zenye heshima, mara nyingi kutoka kwenye majina ya jamaa zao, wakaziunga. Andika maana ya kila sehemu, weka alama ya kujumlisha katikati, na uishie hapo.

Olav ni miongoni mwa machache ambayo sehemu zake zinaungana vizuri, "mhenga" + "aliyeachwa, mzao". Hilo lisikufanye utarajie vivyo hivyo kwa mengine.

Asili na sababu ya kuenea ni mambo mawili

*AnulaibaR haielezi kwa nini kuna Oleviste, kanisa la Tallinn, au Olavinlinna, ngome iliyoanzishwa mwaka 1475 ambayo leo imo Ufini. Inayoyaeleza ni kifo cha mfalme Olav Haraldsson huko Stiklestad tarehe 29 Julai 1030. Mwaka uliofuata alitangazwa mtakatifu, mwili wake ukawekwa Nidaros, Trondheim ya leo, na jina likasafiri na ibada yake. Tarehe hiyo bado ni siku ya Olof katika kalenda ya majina ya Uswidi, na ya Olavi katika ile ya Ufini. Aliyemwita mwanawe Olavi mwaka 1500 alikuwa akimwita kwa mtakatifu. Habari ya mhenga na mzao haikuwa akilini mwake.

Siasa nayo ina mkono. Mwaka 1905 Norwei ilipojitenga na Uswidi, mwanamfalme Carl wa Denmaki alichaguliwa kuwa mfalme akajiita Haakon VII, na mtoto wake mdogo Alexander akapewa jina la Olav. Yeye ndiye Olav V, aliyetawala kuanzia 1957 hadi 1991. Zote mbili zilikuwa ishara ya kuifunga familia mpya kwenye wafalme wa kale. Kwa hiyo katika jedwali lako weka safu ya saba, "sababu ya kuchaguliwa", na usiichanganye na ile ya maana.

Makosa yanayotokea kwenye hati

Kuanzia karne ya 16 mpaka ndani ya karne ya 19 mapadri na wachungaji wa Norwei waliandika kwa Kidenmaki. Mtu aliyeitwa Ola na mama yake aliandikwa Ole kitabuni, pengine Oluf, na mwandishi mpenda Kilatini akamwandika Olaus. Ukitafuta Ola katika sensa ya 1801 ukakosa, usihitimishe kwamba jina halikuwapo. Tafuta maumbo yote manne, kisha linganisha umri na mahali pa kuishi.

Kilatini kinaweza kuleta mtu ambaye hakuwapo. Olaus Magnus, aliyechora ramani ya nchi za kaskazini iliyotolewa mwaka 1539, alikuwa Olof Månsson. Magnus hapo ni jina la baba yake lililotiwa Kilatini. Ukilisoma "Olaus Mkubwa" umepotea.

Wafalme nao wana namba mbili. Kijana aliyekuwa mfalme wa Denmaki kuanzia 1376 na wa Norwei kuanzia 1380, aliyefariki mwaka 1387, ni Oluf wa pili huko Denmaki na Olav wa nne huko Norwei. Daima andika namba pamoja na nchi.

Olsen na Olsson za leo haziwi ushahidi kwamba baba wa mtu anaitwa Ole. Zamani jina la baba lilibadilika kila kizazi. Amri ya 1828 nchini Denmaki, ya 1901 nchini Uswidi na sheria ya 1923 nchini Norwei zilisukuma familia kushika jina moja la kudumu. Aislandi pekee ndiyo imebaki na utaratibu wa zamani kama desturi ya wengi. Na si kila "mwana wa" inamtaja baba: mfalme Svend Estridsen wa Denmaki, aliyetawala 1047 hadi 1076, alijulikana kwa jina la mama yake, Estrid, ambalo ni umbo jingine la Astrid.

Mwisho, sauti zinazofanana kwa bahati. Ola wa Norwei ni mwanamume, tena Ola Nordmann ni jina la kumtaja Mnorwei wa kawaida asiye na jina. Ola wa Poland ni mwanamke, kifupi cha Aleksandra. Ọlá katika majina ya Kiyoruba ni "heshima". Ola kwa Kihispania ni "wimbi". Ole wa Denmaki hana uhusiano wowote na "ole wako". Maneno mafupi ya sauti tatu hufanana kila mahali duniani, na kadiri neno linavyokuwa fupi ndivyo unavyopaswa kudai ushahidi zaidi.

Kuandika ulichopata

Ingizo lililokamilika lisizidi mistari michache. Kwa Olav linaweza kuwa hivi:

Olav (mwanamume), Norwei. Kinorse cha Kale Óláfr, pia Áleifr, Óleifr. Kutoka *AnulaibaR: *anu- "mhenga" + *laibaR "kilichoachwa, mzao". Sauti ya puani ya mwanzo inashuhudiwa na Amlaíb (tukio la 853, nakala ya karne ya 15) na Anlaf (tukio la 937). Lilienea kwa ibada ya Mtakatifu Olav (kifo 1030). Ndugu zake: Olof, Oluf, Ólafur, Ólavur, Olavi, Uolevi, Olev, Uleb, Amhlaoibh. Si ndugu: Ola ya Poland na ya Kiyoruba; Macaulay wa Ardincaple.

Ukimtaja mtu halisi katika maandishi ya Kiswahili, mwachie umbo lake. Rais wa Aislandi wa 1996 hadi 2016 ni Ólafur Ragnar Grímsson, hageuzwi kuwa Olaf. Na katika faharasa muweke chini ya Ó. Grímsson si jina la ukoo, linasema tu kwamba yeye ni mwana wa Grímur, na Waaislandi wenyewe hupanga orodha zao kwa jina la kwanza.